Niliitwa mwizi wa programu niliyoigawa bure: yaliyonikuta ghalani Nambilanje

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, kazi yangu kugonga like na kupita. Leo naleta mkasa wangu. Kisa hiki kimenipata mwenyewe, sijasimuliwa na rafiki wa rafiki, na hizo sehemu zinazonichekesha sasa hivi jueni siku ile zilinikausha mate.

Majina ya watu nimebadilisha. Kampuni sitaitaja, kwa hiyo wale wa "njoo PM unitajie" mniwie radhi mapema.

Twende.

Naishi Nachingwea mjini. Ni fundi wa mifumo, na huku ukijitambulisha hivyo unaletewa simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Kazi yangu hasa ni kufunga na kuhudumia programu huru, hizi mnazoita open source, kwenye vyama vya msingi vya wakulima upande wetu na upande wa Ruangwa.

Kwa wasiojua, programu huru ni hivi. Code yake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, iko wazi mtandaoni. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza. Masharti yake, ndiyo leseni yenyewe, ni machache: usifute majina ya walioitengeneza, na ukimpa mtu mwingine, mpe pamoja na code na uhuru uleule uliopewa wewe. Huwezi kuipokea ikiwa wazi halafu ukaifungia kabatini na kusema ni yako.

Mimi nalipwa kwa kuifunga na kuitunza. Basi.

Programu ninayoizungumzia niliiandika mwenyewe, ni ya mizani. Gunia la ufuta au korosho likiwekwa, inasoma uzito, inachapa risiti, halafu inasema. Yaani inautamka uzito kwa spika, kwa Kimwera kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Hiyo ya kusema ndiyo roho ya kazi yote. Wazee wetu wengi hawasomi zile namba nyekundu za kwenye kioo. Karani anatamka uzito, mzee anaitikia tu, akifika nyumbani anaanza kuwaza kama amepunjwa. Wengine walikuwa wanaona bora wawauzie chomachoma, wale wanaopita majumbani wakinunua ufuta kwa bakuli, kwa sababu bakuli angalau unaliona kwa macho yako. Mizani ilipoanza kusema, bibi anaweka gunia lake, anasikia lugha yake, anaondoka roho imetulia.

Sauti ni ya shangazi yangu Somoe, dada yake baba, anakaa Nambilanje. Ni mwanachama wa chama cha huko na ni mgomvi wa daraja la kwanza.

Kabla ya kumrekodi nilimweleza kwamba sauti ikishaingia humo hairudi, na itachukuliwa hata na watu wa mbali asiowajua. Alikuwa anapepeta ufuta. Tukaongea kidogo kwa Kimwera, akasema sawa. Hatukuandikishana. Nani anamwandikisha shangazi yake?

Basi nikamrekodi kwa simu mlangoni pa jiko lake, namba moja baada ya nyingine. Alipofika sita, jogoo wake akawika palepale. Nikamwomba arudie. Akasema ana mboga motoni, na jogoo naye ni wa hapahapa, aachwe.

Nikamwacha. Tangu siku hiyo kila uzito wenye sita ndani yake ukitajwa, jogoo anawika. Watu wa Nambilanje wakaipenda, ikawa mtu akipata sita anapigiwa makofi ghala zima.

Huyo jogoo mshikeni, tutarudi kwake.

Sasa msimu wa ufuta ukiwa unakaribia kufunguliwa, mwenyekiti wa chama cha Nambilanje akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejifungia ndani. Wameletewa notisi na wakili wa kampuni moja ya Dar. Inasema mfumo wa mizani wanaoutumia ni mali ya kampuni, mimi nimeuiba, na chama kisipoacha kuutumia mara moja kitaunganishwa kwenye kesi pamoja na mimi.

Nilicheka, wakuu. Nikamwambia hao ni matapeli, achana nao.

Akanitumia picha ya mfumo wa hiyo kampuni. Kicheko kikakata. Ilikuwa programu yangu. Wamebadilisha rangi, wameweka nembo yao, jina langu limefutwa. Lakini hata kile kitufe kilichokaa upande upande, ambacho kila siku nasema nitakirekebisha kesho, kipo vilevile kimekaa upande.

Mwenyekiti akaniambia wameitisha mkutano wa wanachama wote. Meneja wa kampuni atakuja na mashine yake na wakili wake. Wanachama wakiridhika, mfumo wangu unang'olewa na wao wanafunga wa kwao kabla ufuta haujaanza kupokelewa. Nikamuuliza kama huo wa kwao unasema. Akajibu kwenye karatasi zao za matangazo hajaona hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Mizani inarudi kuwa bubu, na mimi nabaki mwizi kwenye kijiji walikozikwa babu zangu.

Kabla sijajipanga, picha yangu ikawa tayari kwenye group la WhatsApp la kata. Chini yake: HUYU NDIYE MWIZI WA MFUMO WA CHAMA. Mke wangu aliiona kabla yangu. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli. Hilo swali liliniuma kuliko picha.

Nikafungua laptop nikiwa na nia mbaya. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilitaka niingie kwenye programu nipandikize kitu ambacho wakikinakili tena kitawaharibia kila kitu. Mkono ulikuwa tayari kwenye kibodi.

Kilichoniokoa ni kwamba kabla ya hasira kupanda nilikuwa nimeandika kwenye jukwaa la watengenezaji wa programu huru, nikilalamika. Likarudi jibu. Kumbe wapo mawakili wanaojitolea kusimamia kazi za namna hii pale mtu anapoburuzwa. Wakaniunganisha na mmoja wa huku huku kusini, ana ofisi Masasi. Nitamwita Wakili Skola.

Alikuja Nachingwea kwa basi la asubuhi. Mama mmoja mwembamba, mkoba mkubwa, anaongea taratibu. Tukakaa mgahawani. Mimi nilitegemea atawaka kama mimi. Yeye akaagiza chai na chapati, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu kilichonifanya nitake kunyanyuka niondoke.

"Kuichukua walikuwa na haki. Kuiuza pia walikuwa na haki. Wewe ndiye uliyewapa."

Nikamuuliza sasa wewe ni wakili wangu au wa kwao?

Hakukasirika. Akanieleza kwamba haki hiyo wameipoteza walipofuta majina na walipotaka kuwazuia wengine. Hatuendi kusema ni yangu peke yangu, kwa sababu si kweli, na uongo huo ungeniangusha. Tunakwenda kusema ni ya kila mtu, wao wakiwemo, na hakuna wa kumfungia mwenzake.

Kisha akaniwekea miiko. Nisifute kitu. Nisibadilishe hata mstari mmoja wa code. Nisijibu lolote kwenye WhatsApp. Nilipomtajia lile wazo langu la kuwapandikizia kitu, aliniangalia kama mtoto aliyeokota wembe.

Halafu akauliza, na sauti je, huyo mama alikubali?

Nikasema alikubali.

Kwa maandishi?

Nikasema hapana, kwa mdomo, akiwa anapepeta ufuta.

Akaacha kuandika. Akanieleza kwamba hilo ndilo tundu letu. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, lakini kama shangazi alinipa mimi tu, basi sikuwa na ruhusa ya kuitoa sauti yake kwa dunia. Wakilijua watalishika hilo, na mbele ya wanachama nitaonekana nimemtumia mwanamke asiyesoma kujinufaisha.

Nikamwambia basi nampigia simu sasa hivi nimkumbushe tulivyokubaliana.

"Usimpigie," akasema. "Ukimfundisha cha kusema itaonekana, na hapo ndipo utakuwa mwizi kweli."

Wakuu, zile siku za kungoja mkutano bila kumpigia shangazi yangu ndizo zilizonikondesha. Nilijaribu kukumbuka alichosema siku ile. Nilikumbuka ungo, nilikumbuka vumbi la ufuta, nilikumbuka jogoo. Maneno yake yenyewe hayakuja. Nilijikumbusha tu kwamba alisema sawa, na "sawa" ya shangazi inaweza kuwa na maana ya acha kunisumbua.

Siku ikafika. Tulipita Ruangwa mjini tukashika barabara ya Nambilanje, mimi na Wakili Skola. Meneja wa kampuni alikuwa ametangulia. Tulimkuta anapata chai karibu na ghala, akanisalimia vizuri tu, kisha akaniambia kwa upole niwe mwangalifu, naweza kuingia mkutanoni na mkoba nikatoka na pingu.

Ghala lilijaa. Watu ambao kila nikifika wananiitia huku na huku, siku hiyo wakawa wanatazama magunia. Shangazi alikuwa amekaa mbele na akina mama wenzake, khanga mbili safi. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia umeiba."

"Sijaiba."

"Haya, kakae."

Ndiyo hivyo tu. Sikujua niichukueje.

Meneja akaanza. Sitamsema vibaya, alieleza vizuri, na kwa jinsi alivyokuwa anaongea niliona anaamini anachosema. Mfumo huu kampuni imegharamia, umefungwa mikoa mingine, wameshangaa kuukuta Nambilanje wakati hawajawahi kumuuzia mtu wa huku. Watu wakaguna. Hata mimi ningeguna.

Wakili Skola akasimama akaonyesha kwamba programu iko wazi mtandaoni, kila badiliko limeandikwa na tarehe yake, na ya kwangu ilitangulia. Wakili wao, kijana wa suti nyeusi aliyekuwa analowa jasho, akajibu kwamba tarehe za kompyuta zinachezewa, na anayeweza kuzichezea vizuri kuliko wote ni fundi wa kompyuta. Ghala likaniangalia.

Wakarushiana maneno ya sheria mpaka mwenyekiti akaanza kujipepea kwa notisi yenyewe. Niliona wazi watu wamepotea. Hapo hakuna aliyekuwa anajua code ni kitu gani. Walichokuwa wanajua ni kwamba kuna barua ya wakili kutoka Dar, na barua ya wakili inaogopwa.

Mzee mmoja nyuma akasema maneno yamekuwa mengi, mizani yao iko wapi, ipime.

Huo ni utaratibu wa chama chetu tangu enzi za mizani ya kuning'iniza. Mizani ngeni haipokelewi kwa maneno. Inawekwa katikati, linaletwa gunia, inapima mbele ya wanachama wote, ndipo mazungumzo yanaendelea. Meneja alilijua hilo, ndiyo maana alikuja na mashine. Akafurahi kabisa.

Gunia likaletwa. Mashine ikasoma. Risiti ikatoka safi, ina nembo ya rangi. Watu wakaipokezana, wakatikisa vichwa kukubali. Nikasikia mmoja anasema mbona ni nzuri. Wakili Skola alikuwa ametulia, mimi nikawa nahesabu vichwa. Nilijua kura ikipigwa dakika ile nimekwisha.

Shangazi akanyanyuka.

"Hii yenu inasema?" akauliza.

Meneja akatabasamu. Muuzaji hata siku moja hakubali kwamba kitu chake kina pungufu. Akasema mama, mfumo wetu una kila kitu. Akainama kwenye kioo, akaanza kufungua huku na kule. Nilimuona anapekua sehemu ambazo yeye mwenyewe hajawahi kuzifungua. Mwisho akakuta palipoandikwa Sauti. Akawasha. Akaomba gunia lirudishwe.

Na hapa nikajua, sekunde moja kabla ya wengine wote. Walichukua kila kitu. Yale mafaili ya sauti walidhani ni milio ya kawaida ya mashine, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuyasikiliza, na angeyasikiliza asingeelewa Kimwera.

Gunia likatua.

Spika yao kubwa, nzuri kuliko ya kwangu, ikatoa sauti ya shangazi Somoe akitaja uzito kwa Kimwera. Ndani yake mlikuwa na sita. Jogoo akawika.

Kule nyuma watu wakapiga makofi kwa mazoea, kisha makofi yakafia njiani walipogundua walichokisikia. Halafu kicheko kikaanza upande wa akina mama kikaenea mpaka nje walikokuwa wamesimama waliokosa nafasi.

Shangazi yeye hakucheka. Aliisogelea spika akaikagua mbele na nyuma. Akamwambia meneja huyu ni mimi, na huyo ni jogoo wangu, na akamtaka aseme ni lini alifika jikoni kwake.

Meneja akamgeukia wakili wake.

Na yule kijana wa suti, nampa heshima yake, alikuwa na akili. Alijikusanya haraka. Akaja mbele ya shangazi, kwa adabu zote, akamwamkia. Akasema mama, tumekubali, sauti ni yako, hakuna anayebisha. Swali langu ni dogo tu.

"Sauti yako ulimpa huyu kijana wako peke yake, sivyo?"

Wakuu, lilikuwa lile tundu. Swali lenyewe limekaa kama zawadi, mtu yeyote anayetaka kumtetea mtoto wa kaka yake angejibu ndiyo, nilimpa yeye peke yake, ninyi mmeiba. Na akisema hivyo tu, mimi ndiye niliyeitoa mali yake bila ruhusa. Leseni yangu haina miguu tena.

Wakili Skola hakusimama. Nilimuona tu amebana kalamu mpaka vidole vimepauka. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilijiuma ulimi, na si msemo, niliuma kweli.

Shangazi akafunga khanga vizuri. Alipoongea, aliongea Kiswahili chake kile cha kwetu.

"Mie nilimuuliza, itasikiwa na nani? Akasema na kila ntu. Nikamwambia basi sawa. Asiyesoma asikie, kipofu asikie, na wa mbali huko asikie. Sharti langu moja, asinyimwe ntu."

Halafu akamgeukia meneja.

"Na wewe nilikupa, japo sikujui. Sasa umekuja hapa kumnyima nani?"

Nilikumbuka palepale. Ndivyo alivyosema, ungo mkononi, kwa Kimwera. Asinyimwe mtu. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyafuta.

Yule kijana wa suti akafunga faili lake. Akamwomba mwenyekiti nafasi ya kuongea na mteja wake nje.

Walikaa huko kwa muda, meneja akimfokea mtu kwenye simu, na safari hii aliyekuwa anaitwa mwizi hakuwa mimi. Baadaye ndiyo tulielewa. Kampuni ilimpa fundi mmoja wa mkataba kazi ya kuwatengenezea mfumo. Yule bwana akaichukua programu yangu mtandaoni, akafuta majina, akapaka rangi, akawakabidhi kama kazi ya mikono yake. Wenyewe walikuwa wanalinda kwa nguvu zote kitu walichodanganywa ni chao.

Waliporudi, wakili wao akatamka mbele ya wanachama wote kwamba notisi imeondolewa na kwamba sijaiba kitu. Meneja akanipa mkono. Mkutano ukaamua mizani ibaki ileile. Nikamtafuta mke wangu kwa simu, nikamwambia lile jibu ni hapana. Akasema alishajua, ila alitaka kunisikia.

Mimi bado nilitaka kuwashitaki. Wakili Skola akakataa. Aliwataka mambo mawili tu: warudishe majina, na waiweke wazi code yao pamoja na waliyoyaongeza. Wakafanya. Mpaka leo wanaiuza huko mikoani, na chini ya kioo chao pameandikwa jina langu na jina la Somoe. Zaidi ya hapo, walikirekebisha kile kitufe changu cha upande upande wakanirudishia marekebisho, nikayapokea kwa aibu.

Aliyeweka picha yangu kwenye group aliifuta kimyakimya. Radhi hajaomba. Tunakutana msikitini, tunasalimiana.

Nilichojifunza ni hiki. Ukigawa kitu bure, usigawe kienyeji. Andika majina, weka leseni, na kila aliyechangia, hata kama ni shangazi yako, mweleze vizuri anatoa nini na kwa nani, kisha muandikiane, maana si kila mtu ana kumbukumbu ya Somoe. Na ukionewa, kamata wakili kabla hujakamata kibodi. Ningefanya nilichotaka kufanya siku ile, leo ningekuwa naandika haya nikiwa nimekosa, au nisingeandika kabisa.

Mafundi wenzangu mnaofunga programu huru kwenye vyama, hospitali, mashule, ninyi mnajilindaje? Na mawakili mliomo humu, nilipokosea kueleza sheria nirekebisheni bila matusi. Anayeona ningewashitaki tu naye aje, hoja zake nazitaka.

Najua kuna watakaouliza jogoo yuko wapi.

Siku ileile baada ya mkutano shangazi alisema mgeni aliyetoka Masasi kwa ajili ya mtoto wake haondoki na chai tupu. Akaagiza jogoo akamatwe. Alikuwa mzee, nyama ngumu balaa, tulitafuna mpaka mataya yakauma. Wakili Skola alimaliza sahani yake, akasifu mchuzi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba amemla shahidi wake mkuu.

Lakini kapime gunia lako Nambilanje, au Matambarale, au Lionja huku kwetu. Ukipata sita, anawika.